Kijiji cha babu huko milimani Oman: gari dogo litafika? Na tutapokewaje?

*"Mimi na mume wangu tumetoka Unguja kumtembelea dada yangu anayeishi Mabela, Muscat. Mama yetu, mwenye miaka 68, tumekuja naye. Babu yake mzaa baba alikuwa Al-Abri, na mama amekua akisikia kwamba walitoka kijiji cha mlimani upande wa Al Hamra, chenye mitende mingi na maji yanayopita katikati ya nyumba. Jina la kijiji hakuna anayelikumbuka. Anataka akione kabla hajafa. Nimeona picha za Bilad Sayt na moyo wangu unaniambia ndicho. Shemeji ana gari dogo la kawaida, na mume wangu, ambaye ameendesha magari Unguja miaka mingi, anasema atatufikisha. Dada naye anasema kule juu hewa ni nyepesi, mama ana presha, atazidiwa. Tena wenyeji hawapendi wageni. Wengine wanasema tukilitaja tu jina la Al-Abri milango yote itafunguka. Tuna siku mbili, mwezi huu wa Januari. Twende? Na twende vipi?"*

Dada yangu, nendeni. Kwa umri wa mama na hamu aliyonayo, nisingekushauri uahirishe hadi safari nyingine isiyojulikana. Lakini katika swali lako kuna mambo manne yaliyoshikana, na matatu kati yake mmeyapata kinyume. Hewa ya kule si tatizo kubwa kama dada yako anavyodhani. Barabara ni tatizo kubwa kuliko mumeo anavyodhani. Wenyeji hawachukii wageni, ila jina la ukoo nalo halifungui milango kwa namna mliyoambiwa. La nne, kwamba kijiji chenu ni Bilad Sayt, linaweza kuwa kweli na linaweza lisiwe, na picha haiwezi kukwambia.

Nianze na barabara, maana ndiyo inayoua watu.

Al Hamra iko kwenye kitako cha milima ya Hajar, upande wa kusini, katika mkoa wa Dakhiliya. Kutoka Muscat ni mwendo wa kama saa mbili na nusu kwa barabara kuu ya kwenda Nizwa, lami tupu, na gari la shemeji litafika bila wasiwasi. Kutoka Al Hamra kuna njia fupi ya lami inayopanda hadi Misfat al Abriyeen, kijiji kilicho kwenye kimo cha karibu mita 1,000. Huko pia gari dogo linafika. Ina mwinuko na kona, lakini magari madogo hupanda kila siku.

Bilad Sayt ni habari nyingine kabisa. Kwenye ramani kinaonekana jirani na Al Hamra, na ndiyo maana watu wanadanganyika. Ukweli ni kwamba kiko ng'ambo ya pili ya mlima, ndani ya Wadi Bani Awf (wadi ni bonde ambalo maji hupita mvua ikinyesha), na kiserikali kiko chini ya wilaya ya Rustaq. Ukitokea Al Hamra lazima upande mpaka Sharaf al Alamayn, karibu mita 2,000 juu ya bahari, kisha uteremke upande wa kaskazini kwa njia ya mawe na vumbi, nyembamba, yenye kona za kurudi nyuma na mahali ambapo magari mawili hayapishani mpaka mmoja arudi kinyumenyume. Unapoteza kama mita elfu moja za kimo ndani ya safari fupi. Kila mvua kubwa inapopita, njia hiyo hubadilika. Mawe huanguka, kingo hulika. Hali yake ya wiki hii wataijua watu wa Al Hamra, wala si mtu aliyepita mwaka jana. Gari linalofaa hapo ni la fowili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye nafasi chini na gia nzito, na dereva anayeijua njia.

Sasa mumeo atasema, "Mimi ni dereva." Sibishi. Lakini Unguja haina mlima wa kumfundisha mtu kuteremka. Angekuwa ameendesha miaka yake Lushoto au Mgeta ningenyamaza. Kupanda hakuna siri: gari likishindwa litasimama. Kuteremka ndiko kwenye mtihani. Kila ukikanyaga breki, nguvu ya mwendo wa gari inageuka joto kwenye diski na pedi. Kwenye barabara ya tambarare joto hilo linapata muda wa kupoa kabla hujakanyaga tena. Kwenye mteremko wa kilomita nyingi mguu hautoki kwenye breki, joto linapanda, pedi zinaanza kunuka na kupoteza mshiko, na mwisho mafuta ya breki yenyewe yanachemka. Mvuke ukiingia kwenye mfumo, unakanyaga na pedeli inazama hadi chini bila gari kusikia. Dawa yake ni kuiachia injini kazi ya kulishika gari: ingia gia ya kwanza au ya pili kabla hujaanza kuteremka, na kama gari ni la otomatiki toa kwenye D uweke L au 2. Breki unaikanyaga kwa nguvu mara moja moja na kuiachia, usiiburuze.

Jambo la pili kwa mumeo, nalo ni dogo lakini halina msamaha: Oman wanaendesha kulia. Mtu aliyezoea kushoto anaweza kuendesha vizuri mjini siku nzima, akifuata magari ya mbele. Kwenye kona ya mlima, peke yake barabarani, anapotokewa na gari ghafla, mikono inamvuta kushoto bila kufikiri. Kama shemeji ana leseni ya hapa na uzoefu wa hapa, aendeshe yeye. Kama lazima aendeshe mumeo, kwanza mhakikishe bima ya gari inamtambua kama dereva.

Na usije ukachanganya safari hii na ile ya Jabal Akhdar, mlima mwingine wa upande huo huo. Huko kuna kituo cha polisi hapo Birkat al Mouz, wanakagua kila gari, na lisilo la fowili linarudishwa, hata kama barabara ya juu ni lami safi. Sababu ni ule ule mteremko wa kurudi. Kwenye njia ya Wadi Bani Awf usitegemee kizuizi kama hicho kikuokoe na uamuzi wako. Watu huona hakuna aliyewazuia wakadhani wameruhusiwa na mlima pia.

Tuje kwa mama na presha yake. Ugonjwa wa kimo, ule wa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa pumzi kwa sababu ya hewa kuwa nyepesi, kwa kawaida huanza kuwasumbua watu kwenye mita 2,500 na kuendelea. Misfat ni mita 1,000. Hiyo ni chini ya Arusha mjini, na sijasikia mtu akimkataza bibi mwenye presha kwenda Arusha. Hata juu pale Sharaf al Alamayn, kwenye mita 2,000, mgandamizo wa hewa umepungua kwa kama moja ya tano tu. Mama akipanda ngazi ataona amechoka upesi, lakini mtu ambaye presha yake imetulia kwa dawa kwa kawaida hupita salama.

Yanayowaangusha wazee kwenye safari hizi ni mambo ambayo hayahusiani na hewa. Kwanza, wanaacha kunywa maji kwa kuogopa kutafuta choo njiani. Mzee anayetumia vidonge vya presha, hasa vile vinavyomfanya akojoe sana, akikaa kutwa bila maji na kisha akainuka ghafla kwenye kiti cha gari, anapata kizunguzungu na kuanguka. Pili, wanasahau dozi kwa sababu ratiba imevurugika, au dawa zimebaki Mabela. Tatu, kona. Mama akikaa nyuma atatapika, na akitapika kidonge nacho kimetoka. Mkalisheni mbele, ale kitu kikavu chepesi, msimame kila anapoomba. Vyoo vipo kwenye vituo vya petroli na misikitini njia nzima hadi Al Hamra, kwa hiyo mwambieni mapema anywe tu. Nne, na hili ndilo ninalolihofia kuliko yote kwa Misfat, ni ngazi. Gari linaachwa juu, mwingilio wa kijiji. Kutoka hapo ni vichochoro na ngazi za mawe zisizolingana, zimelainika kwa miguu ya watu wa karne nyingi, na pale maji ya falaji, mfereji wa kijiji, yanapomwagikia zinateleza. Kiatu cha mama kiwe cha raba chenye kushika. Makubadhi ayaache Muscat.

Haya nayasema kama mtu anayewapeleka watu milimani. Mimi si daktari. Kabla ya safari mpelekeni kliniki apimwe, na mmuulize daktari maswali mawili: je, presha imetulia, na je, kuna kidonge cha kubadilishiwa saa kwa siku ya safari? Kama ana tatizo la moyo, amewahi kupata kiharusi, au miguu inamvimba, jibu la daktari ndilo la kufuata, hata likiwa "msiende". Na akiwa njiani akilalamika kifua kumbana, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kumchanganyika, msisubiri apumzike kwanza. Namba ya dharura Oman ni 9999, na hospitali kubwa ya upande ule iko Nizwa.

Nguo za joto msizidharau. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa digrii sita na kitu. Januari mchana wa Misfat ni raha tupu, lakini jua likishazama nyuma ya mlima, watu wa Unguja mtatetemeka. Baridi yenyewe nayo hupandisha presha kidogo, basi sweta na soksi za mama si anasa.

Januari pia ni msimu wa mvua za huku kaskazini mwa Oman. Hazinyeshi kila siku, na huenda msione hata tone. Lakini zikija, milima hii ni mwamba mtupu: hakuna msitu wa kuyazuia maji, udongo ni kiasi kidogo, na yote yanayodondoka yanakimbilia wadi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wadi inaweza kukujia na maji ya kahawia yenye mawe ilhali juu yako anga ni la buluu. Mvua imenyesha kilomita nyingi huko juu, usipopaona. Aprili 2024 mafuriko ya namna hii yaliua watu hapa Oman, wakiwemo watoto wa shule waliosombwa na maji huko Samad al Shan. Maji yanayofika nusu ya tairi yanatosha kuliinua gari dogo na kulivuta pembeni. Dereva anayeingia wadi yenye maji yanayokwenda anaweza kushitakiwa hata akivuka salama, na mimi naona ni haki. Ukikuta maji, subiri upande ulioko. Mara nyingi baada ya saa chache yanapungua.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nadhani ndilo lenye uzito moyoni mwako, ingawa umeliweka katikati ya mengine: kama kijiji ndicho, na mtapokewaje.

Mitende mingi, maji yanayopita katikati ya nyumba, mlimani. Dada yangu, maelezo hayo yanafaa vijiji visivyohesabika. Oman ina mifereji ya falaji inayofanya kazi hadi leo ipatayo elfu tatu, na karibu kila kijiji cha kale kimejengwa kuufuata mfereji wake. Jina la Al-Abri linasaidia kupunguza uwanja, maana Waabri ni watu wa Al Hamra na vijiji vinavyoizunguka, na Misfat al Abriyeen inabeba jina lao waziwazi. Lakini wako pia ng'ambo ya mlima, kwa hiyo hata Bilad Sayt siwezi kukitoa kwenye hesabu. Na kuna jambo inabidi niliseme kwa upole: nisba, yaani jina la ukoo kama Al-Abri, inaonyesha kabila, haionyeshi kijiji, na si kila mara ilikuja kwa damu. Pwani yetu wapo waliopata nisba kwa kuishi chini ya ukoo fulani, kwa kulelewa, hata kwa kuwa walikuwa watumwa wakaachwa huru na watu wa ukoo huo. Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Nasema mama asiende akiwa ameweka moyo wake wote kwenye jibu moja.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha gari, kaeni na mama jioni moja muandike. Jina la babu, la baba yake, la babu yake, mpaka pale kumbukumbu inapokoma. Majina matatu ya mfululizo yana faida kuliko nisba peke yake, kwa sababu wazee wa huku wanawakumbuka watu kwa mnyororo wa "bin". Alikuja Unguja au Pemba lini, hata kwa kukadiria: kabla ya vita gani, wakati wa Sultani gani. Alikuwa na duka wapi, shamba wapi. Aliwahi kurudi Oman? Alikuwa na ndugu aliyebaki? Wengi wa watu wa bara ya Oman walioshuka Afrika walifanya hivyo ukame ulipokausha mifereji au maisha yalipobana; waliteremka hadi bandari kama Sur wakapanda jahazi na upepo wa kaskazi, na barua zikawa zinarudi kwa mkono wa nahodha na wasafiri. Kama kuna barua ya zamani kwenye sanduku la mtu huko nyumbani, ipigwe picha itumwe leo hii. Juu ya barua za zamani mara nyingi kumeandikwa mahali.

Kama dada yako ana jirani Al-Abri hapo Mabela, na siwezi kuamini hana, aanzie hapo. Simu moja ya mtu anayejulikana kijijini ina thamani kuliko safari tatu za kubahatisha. Mkirudi Unguja, Nyaraka za Taifa pale Kilimani kuna hati za Kiarabu za zamani, za mashamba, ndoa na mirathi, na mtu wa kuwasaidia kuzisoma atawafaa kuliko mimi. Muscat nako kuna mamlaka ya taifa ya nyaraka na kumbukumbu. Hizo ni kazi za miezi, hazitoshi kwenye siku zenu mbili, ila ni vizuri mama ajue kwamba safari hii si nafasi ya mwisho ya kupata jibu.

Kuhusu mapokezi. Aliyekwambia kwamba wenyeji hawapendi wageni ameona kitu cha kweli akakisoma vibaya. Misfat mwaka 2021 kilitajwa na Shirika la Utalii Duniani miongoni mwa vijiji bora vya utalii, na tangu kabla ya hapo magari yamekuwa yakimiminika. Nyumba kadhaa za zamani zimekuwa nyumba za wageni, na wenyeji wenyewe ndio wanaoziendesha. Wanachokichoka ni mtu anayepita kwenye kichochoro cha nyumba yao amevaa kaptura, anachungulia dirishani, anampiga picha bibi anayefua, anaosha miguu kwenye mfereji. Ingekuwa Mkunazini au Shangani mngekasirika vilevile.

Nyinyi kwa mavazi hamna shida. Buibui na mtandio wa mama tayari ni adabu ya kutosha. Angalieni saa. Baada ya adhuhuri kijiji kinalala mpaka alasiri, na si wakati wa kugonga mlango wa mtu. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko, watu wanajaa kutoka Muscat hadi pa kuegesha hakuna. Jumapili hadi Jumatano asubuhi ndiyo wakati wenu. Picha za mandhari pigeni. Za wanawake msipige, na za wazee ombeni kwanza. Kama kuna kijana wenu ana droni, aiache Mabela, maana huku hairushwi bila kibali.

Falaji nataka niizungumzie kidogo zaidi, kwa sababu ndiyo kijiji chenyewe. Mama atauona mfereji mwembamba wa mawe na saruji, maji yake safi yanakwenda bila sauti kubwa, juu yake kuna nyumba zilizosimama kwenye majabali makubwa, chini yake ngazi za mashamba zinazoshuka kuelekea bondeni: mitende, migomba, mipapai, ndimu. Migomba itamfanya acheke. Ngazi hizo zilijengwa kwa mikono, na udongo wake ulibebwa. Maji yakitoka kwenye chanzo, pa kwanza ni pa kuchota ya kunywa, ndipo yafuate msikiti na mahali pa kuogea na kufulia, na mwisho mashamba. Ndiyo maana kutia mguu au sabuni huko juu ni kosa hata kama hakuna aliyekuzuia: aliye chini yako anayatumia maji hayo hayo. Halafu maji yana wenyewe. Kila familia ina zamu yake, zinazopimwa kwa vipande vya kama nusu saa. Zamani walizipima kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Zamu hizo hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, hupigwa mnada, na nyingine ni wakfu wa msikiti.

Nimekueleza yote hayo kwa sababu moja. Mtu akitokea Afrika baada ya miaka themanini, akasimama kijijini na kuuliza, "Nyumba ya babu yetu iko wapi? Shamba lake lilikuwa lipi?", yeye anaona ameuliza swali la mapenzi. Anayemsikiliza anaweza kusikia swali la mirathi. Nyumba, mitende na zamu za maji vilishagawanywa mara nyingi, pengine kwa ugomvi, na hakuna anayetaka kufungua upya. Ndipo nyuso zinapokunjamana, na mgeni anarudi Muscat akisema watu wa mlimani ni wakavu. Kwa hiyo tangulizeni nia. Salamu kwanza, kwa utulivu, bila haraka. Huku watu huulizana habari kwa kirefu kabla ya shida. Kisha shemeji au yeyote mwenye Kiarabu kizuri aseme wazi kwamba mama huyu ametoka Zanzibar, babu yake alikuwa wa huku, amekuja kuwasalimu na kuwaombea dua wazee waliotangulia, hana anachokidai. Mashamba msiyaulize. Wao wakiyataja wenyewe, sikilizeni tu.

Kiswahili msikitegemee sana. Muscat na Sharqiya, mkoa wa mashariki, mtakisikia mara nyingi. Huku Dakhiliya huenda mkampata mzee aliyewahi kuishi kwetu au kuzaliwa kwetu. Mkimpata huyo, siku yenu imekwisha hapo, na msiihesabu kuwa imepotea.

Mkikaribishwa ndani, viatu mlangoni, wanaume watapelekwa sebuleni kwao na mama nawe mtachukuliwa na wanawake. Msishikilie kukaa pamoja. Kwa mama hiyo ndiyo bahati, kwa sababu habari za nani alimwoa nani na nani alikwenda Sawahil, yaani pwani yetu, hukaa kwa wanawake. Itakuja tende au matunda, kisha kahawa kwenye vikombe vidogo, vitaendelea kujazwa mpaka utakapokitikisa kikombe kidogo unapokirudisha. Pokeeni kwa mkono wa kulia. Zawadi iwe ndogo na ya kwenu, kama pakiti ya viungo iliyofungwa dukani au kofia ya kushonwa kwa mkono. Pesa msitoe kwa mwenye nyumba aliyewakaribisha, mtamvunjia heshima. Kwenye nyumba ya wageni lipeni bei yake kama kawaida.

Basi nikiwekewa siku zenu mbili mikononi, ningefanya hivi. Siku ya kwanza, tokeni Mabela baada ya alfajiri, pumzikeni Nizwa, fikeni Al Hamra kabla ya saa tano. Mpitisheni mama kwenye mtaa wa zamani wa nyumba za udongo. Bait al Safah, nyumba mojawapo, imefanywa makumbusho ambamo wanawake wanaonyesha jinsi mkate na kahawa vinavyotengenezwa, na hapo mtapata watu wa kuongea nao bila kugonga mlango wa mtu. Alasiri pandeni Misfat kwa gari la shemeji, mlale huko. Agizeni chumba mapema na muulize chumba kilicho karibu na mwegesho, chenye ngazi chache; wengi hawaulizi, wanajikuta wanambeba bibi usiku. Kulala kunaleta tofauti. Wageni wa kutwa wakishaondoka, kijiji kinarudi kwa wenyewe, na mwenye nyumba anapata nafasi ya kuuliza nyinyi ni nani.

Bilad Sayt iwe ya siku ya pili, na iwe kwa masharti: mama ameamka mzima na anataka, anga ni safi pande zote za mlima, na mmekodi gari la fowili pamoja na dereva wake kutoka Al Hamra au Nizwa. Ni ghali, sikufichi, na ni saa kadhaa za kutikiswa. Kama jioni ile Misfat au Al Hamra mtu amewaambia, "Ukoo huo ni wa upande wa pili," basi gharama hiyo ina maana. Kama hakuna aliyesema hivyo, mimi nisingemtesa mama kwa ajili ya picha niliyoiona kwenye simu. Kukodi fowili na kuendesha wenyewe sikushauri kabisa. Mikataba mingi ya kukodi haitambui uharibifu wa njia zisizo na lami, na huko bondeni simu hukosa mtandao mahali pengi.

Asubuhi ya safari, kabla ya chai, tazameni utabiri wa idara ya hali ya hewa wa mkoa wa Dakhiliya na wa Batinah Kusini, yaani pande zote mbili za mlima. Wa Muscat hautoshi. Wakitangaza mvua za radi, ishieni Nizwa: ngome ipo, soko lipo, na mama atakaa kivulini anywe kahawa huku shemeji akipiga simu kuulizia watu wa ukoo wenu.